Kigingi Ndani ya Darubini

Fundi aliilaza cherehani yake ubavu, akadondosha mafuta kwenye kila tundu, kisha akazungusha gurudumu taratibu ili mafuta yaingie. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake nikisubiri gauni lipunguzwe kiuno, nina haraka zangu. Harufu ilipofika puani, haraka ikaisha. Nilikaa kwenye benchi la wateja na fundi akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni joto tu. Ningemwelezaje kwamba kwangu mimi mafuta ya cherehani hayanukii nguo? Yananukia bunduki, na mikono ya baba yangu, na kipindi kimoja cha utoto wangu ambacho niliamini kabisa kwamba Baba anajiandaa kumuua mtu.

Nyumbani kwetu Ifakara hapakuwa na cherehani. Kichupa cha mafuta kilikaa juu ya kabati la vyombo, na hakuna aliyekigusa isipokuwa Baba. Alikuwa mlinzi wa kampuni ya uwindaji iliyokuwa na kambi bondeni. Wageni walikuja kupiga nyati, na kazi ya Baba ilikuwa kusimama nyuma yao na bunduki ya pili, ili nyati aliyejeruhiwa akigeuka awepo mtu wa kummaliza. Akikosa, mtu anakufa. Nililijua hilo mapema, kama watoto wa wavuvi wanavyojua habari za mamba, na lilinipa fahari kubwa. Jumapili baada ya misa alitandika gunia uani, akaifungua bunduki ya kampuni vipande vipande, akavipaka mafuta kwa kitambaa kilichokatwa kwenye shati lake la zamani. Niliruhusiwa kukaa karibu mradi nisiulize maswali. Hilo sharti lilikuwa gumu kwangu wakati ule na ni gumu hata sasa.

Alikuwa akijikuna sana. Alikuna miundi yake kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikawa ngumu na yenye mabaka kama ya kenge, na Mama alimpaka mafuta ya nazi huku akilalamika kwamba shuka zote zina damu. Tulidhani ni majani ya porini. Kila mtu aliyefanya kazi kando ya mito alijikuna, kwa hiyo haikuwa habari.

Shamba letu la mpunga lilikuwa Michenga. Mpunga ulipoanza kutoa masuke tulihamia huko, mimi na Mama na kaka yangu, tukawa tunalinda ndege. Nilikaa juu ya dungu, kichanja cha miti cha kulindia shamba, tangu ndege wanapoamka mpaka wanapolala, nikivuta kamba zenye makopo yaliyojaa kokoto na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Ni kazi inayochosha macho na koo. Ndiyo maana nilifurahi alipokuja Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Masanja, Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe wake kutoka upande wa Ziwa. Tulikuwa darasa moja. Alinifundisha kupiga mluzi unaomgeuza ng'ombe, mimi nikamfundisha kombeo, na jioni mama yake aliniita nyumbani kwao akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mama Kabula alikuwa mrefu, na akitembea alirusha mkono mmoja tu, wa pili aliubana ubavuni kama mtu aliyezoea kubeba kitu daima. Ungemtambua kwa mwendo huo hata akiwa mbali sana.

Asubuhi moja tulikuta ng'ombe wa Masanja wameingia shambani. Sehemu yote ya kuelekea mtoni ilikuwa imelala, imekanyagwa ndani ya tope, na kinyesi bado kilikuwa kikitoa mvuke. Mama alikaa chini. Baba, aliyekuwa amekuja kututembelea, hakukaa. Aliokota suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza makapi, akatazama punje zilizobaki. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu, "Huyu mtu atanijua."

Kikao cha kijiji kikafanyika, maneno mengi yakasemwa, na Masanja akatakiwa kuondoa mifugo yake. Aliondoka na familia yote. Watu wakasema amekwenda upande wa magharibi, kule Chita, ambako kulikuwa na majani na watu wachache wa kugombana nao. Dawati la Kabula likabaki na mtu mmoja. Hatukuagana. Baba hakulitaja tena jina la Masanja. Mama alipoulizwa na jirani kama mumewe ameshasahau, nilimsikia akijibu huku anapepeta kwamba mume wake hasahau na wala hagombi, yeye anaweka. Neno hilo lilinikaa.

Kisha zikaja habari za mashindano ya shabaha. Yangefanyika nje ya Chita, chini ya mlima, yakiwakutanisha askari wa wanyamapori, mgambo na walinzi wa kampuni za uwindaji. Kwa wengine ilikuwa sherehe tu ya baada ya mavuno. Kwa walinzi wa kampuni ya Baba haikuwa hivyo. Meneja alikuwa amewaambia kwamba kampuni inapunguza bunduki: watakaofanya vizuri Chita watabaki nazo, wengine watapewa rungu na kulinda ghala. Baba hakutuambia. Aliyetuambia ni Maiko, mwenzake wa kazini, ambaye hakuwa na siri. Maiko alikuwa Mngoni, kwa hiyo mtani wetu, na alikuwa na ruhusa ya kusema lolote mbele ya mtu yeyote. Mimi aliniita mchumba. Baba naye aliitwa naye mzee ingawa walikaribiana umri.

Walikuja wote wawili Michenga siku za mwisho za mavuno, na Baba akapanda dunguni akiwa na kifurushi kilichofungwa kwa kanga ya Mama. Ndani yake mlikuwa na darubini mbili za bunduki. Ghala la kampuni lilikuwa nazo chache, na kila mlinzi aliruhusiwa kuchagua atakayofunga kwa ajili ya mashindano. Maiko alikwenda akatundika kifuniko cha debe kwenye mti mwisho wa shamba, kisha wakaanza kutazama, na mimi nikapewa zamu.

Sijawahi kusahau nilichokiona. Katika darubini ya kwanza kulikuwa na nyuzi mbili zilizopishana katikati, nyembamba kuliko unywele, kana kwamba buibui alikuwa amefunga kazi humo ndani. Katika ya pili hapakuwa na uzi. Kulikuwa na kigingi kinene cheusi kilichochongoka, kimesimama kutoka chini mpaka katikati ya duara, na vijiti viwili vinene vikiingia kutoka pembeni bila kukigusa. Niliuliza kwa nini zinatofautiana ikiwa bunduki ni moja, na Maiko, aliyependa kufundisha, akanieleza. Uzi ni wa kupigia karatasi ya shabaha. Mchana kweupe unapita juu ya doa jeusi la shabaha bila kulifunika, unajua risasi itaingia wapi hasa. Lakini jioni, nyati akiwa kichakani, uzi unapotea kwenye ngozi yake, huuoni tena. Hapo ndipo unataka kigingi. Kigingi ni cha mwili, alisema, tena mwili ulio gizani.

Baba alitazama kwa muda mrefu kupitia ile ya uzi. Aliiondoa jichoni, akaifuta kioo kwa pindo la shati ingawa kilikuwa safi, akatazama tena. Kisha akaniuliza kama nauona uzi. Nikasema nauona. Akauliza unapita wapi. Nikamwambia unapita juu ya kifuniko, na kwenye tawi, na kuna ndege ametua pale pale unapokatiza. Akasema vizuri. Alipochukua ile ya kigingi hakukaa nayo. Pumzi ilimtoka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Nachukua hii," alisema.

Maiko alicheka, kisha akaona Baba hacheki. "Mzee, kwa karatasi? Kigingi hicho kitafunika shabaha yote kama mfuniko wa chungu. Watatucheka mpaka Mlimba."

"Mimi sikufundishwa na karatasi," Baba akamjibu, na kuanza kuifunga ile nyingine kwenye kanga.

Hapo ndipo hofu yangu ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa mantiki, si kwa ndoto. Uzi ni wa karatasi, kigingi ni cha mwili. Baba analijua hilo kuliko Maiko. Baba amechagua kigingi. Anakwenda Chita. Masanja yuko Chita. Huyu mtu atanijua. Nimesoma chuo kikuu, nimefundishwa kupima hoja na kuzivunja, na hata leo nikiipitia ile hoja ya mtoto wa shule ya msingi naona hatua zake zinafuatana. Kitu kilichokosekana ni swali moja ambalo sikuliuliza, mimi niliyeuliza kila kitu.

Hofu iliongezeka Baba alipotangaza kwamba nitakwenda naye. Mama alishangaa. Kwa nini binti, na si kaka yake? Baba akasema nina macho mazuri, na isitoshe sijapanda treni. Maiko akatania kwamba mchumba wake anakwenda kumshangilia. Mimi nilielewa vingine. Ni mimi niliyemjua Kabula, ni mimi niliyeijua sura ya kila mtu wa nyumba ile. Ningetumika kuwaonyesha. Nilisema tumbo linaniuma. Mama alinipa maji ya mlonge na safari ikabaki pale pale.

Kwenye treni Baba alikaa dirishani, bunduki ndani ya mfuko wake wa turubai ikiwa katikati ya magoti, ikinukia mafuta. Milima ilikwenda nasi upande wa kulia, imejaa mawingu kiunoni. Kila treni iliposimama aliniambia nisome jina la kituo, nami nikalisoma kwa sauti nikidhani ananipima kama shuleni ninajifunza kitu. Nilijibu kwa mkato. Nilikuwa namchukia kidogo, kisha najichukia kwa kumchukia. Maiko alikuwa ameitia ile darubini ya uzi ndani ya mkoba wetu kwa lazima, akisema huenda mzee akili ikamrudia njiani.

Uwanja wa Chita ulikuwa sehemu ya mbuga iliyofyekwa. Mbele kulikuwa na tuta la udongo, na mbele ya tuta mbao zenye karatasi, kila ubao na namba yake iliyochorwa kwa rangi nyekundu, kubwa kama ungo wa kupepetea. Kulikuwa na wanawake wanauza viazi vitamu na karanga, na kamba ya katani iliyotutenganisha na wapigaji. Msimamizi, mwanamume mwenye filimbi shingoni, alirudia sheria: filimbi ikilia, kila mtu anainua bunduki juu. Nilitazama nyuso za watu wote waliokuwa pale nikimtafuta Masanja. Hakuwepo. Nikaanza kupumua.

Maiko alipiga kwanza, kwa uzi, akafanya vizuri, akarudi akitembea kama bwana harusi. Ilipofika zamu ya Baba, alitia pamba masikioni kama wenzake, kisha akaniinamia kwenye kamba.

"Tekla, namba nne iko wapi?"

Nilidhani ni utani. Namba nne ilikuwa imetukabili. Nikanyoosha kidole, naye akaufuata mkono wangu kwa macho mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaniambia nibaki pale.

Akalala kwenye mkeka na kuanza kupiga. Kijana aliyejificha kwenye handaki chini ya mbao alipandisha bendera kuonyesha risasi imeingia, akaipandisha tena. Watu wakaanza kunong'ona. Maiko alikuwa akijipiga paja na kusema kigingi kinakula, jamani, kigingi kinakula. Meneja, aliyesimama kivulini na miwani yake ya jua, akaja mbele kidogo. Nilisahau hofu yangu kwa muda. Nilimtaka ashinde.

Ndipo ng'ombe walipotokea. Walikuja kutoka kwenye majani marefu ya kulia, weupe, wakatembea mbele ya tuta bila haraka kana kwamba uwanja ni wao, na nyuma yao akaja mwanamke mrefu anayekimbia ili awageuze, akirusha mkono mmoja.

Filimbi ikalia. Bunduki zote zikainuka. Ya Baba haikuinuka. Shavu lake lilikuwa limelala kwenye kitako, na mdomo wa bunduki ukasogea taratibu kuelekea kulia, kwa kiasi kidogo sana, upande uleule ambao Mama Kabula alikuwa anakwenda.

Sikumbuki kupita chini ya kamba. Nakumbuka nyasi zilizokatwa zikinichoma nyayo, na sauti ya Maiko ikiniita kwa jina langu halisi kwa mara ya kwanza. Nikapiga magoti kando ya Baba na kuziba kioo cha mbele cha darubini kwa kiganja.

Mwili wake wote ulishtuka. Aliiachia bunduki, akajishika uso kwa mikono miwili.

"Yamezimika," alisema. Hakupiga kelele. "Maiko, macho yamezimika. Sasa yamezimika kabisa."

Na mimi, kiganja bado kipo kwenye kioo, nikasema maneno niliyokuwa nimeyabeba tangu Michenga. "Baba, usimuue Mama Kabula."

Watu wote uwanjani walitusikia, yeye na mimi. Hata yeye alisikia, pamba na yote. Aliteremsha mikono, akageuza uso kwangu, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hanitazami machoni. Alitazama mahali fulani kando ya sikio langu, ambako sauti ilitoka. Msimamizi aliichukua bunduki, akatoa risasi. Maiko alichuchumaa, akamtoa Baba pamba masikioni, moja baada ya nyingine, kwa upole ambao sikujua anao. Meneja akauliza tangu lini. Baba akajibu kwamba tangu masika iliyopita, labda na kabla. Uzi hakuuona kabisa, hata kule Michenga. Kigingi alikiona, kama nguzo kwenye ukungu, na doa la shabaha alilikalisha juu yake kwa kukisia. Filimbi haikumfikia vizuri kwa pamba, bunduki za wenzake zilizoinuka hakuziona, wala ng'ombe hakuwaona. Aliona weupe unapita, akadhani ni macho yake yanayofanya kama kawaida yake, akawa anautafuta ubao upya.

Mama Kabula, akiwa hajui lolote, aliwapitisha ng'ombe wake, akaja mpaka kwetu akihema. Alifurahi kuniona. Aliniuliza habari za Mama, akasema Kabula yuko na ndama na atalia akisikia nilikuwa hapa. Kisha akamwamkia Baba kwa heshima zote, na kuuliza mbona watu wamenyamaza.

"Ng'ombe wako wamenizibia shabaha, mama," Baba akamwambia, na akajaribu kutabasamu.

Hospitalini walisema ni usubi, wale wadudu weusi wa kwenye maji yaendayo kasi, ambao wakiuma huacha minyoo ndani ya ngozi, na kwa miaka na miaka mtu anajikuna tu, mpaka minyoo ifike machoni. Nyumbani pande mbili zikajitokeza. Wengine walisema nimemwaibisha baba yangu mbele za watu na kumpokonya kazi. Wengine wakasema mtoto ameokoa roho ya mtu, na wakanipa kuku. Sikukubaliana na upande wowote, na mpaka sasa sijakubaliana. Kuhusu nia yake nilikosea. Lakini alilala pale akijua haoni, kidole kiko kwenye kifyatulio. Angebaki na bunduki angerudi kusimama nyuma ya wageni na wapagazi, na kigingi chake, akipiga kila kilichosimama juu ya ncha yake. Alikuwa amepata alama anayoiona, akaacha kujiuliza kuhusu kile kilicho mbele yake. Alifanya hivyo kwa ajili yetu, najua. Mtu anayenipenda alikuwa tayari kufyatua bila kuona ili niendelee kula. Niweke wapi jambo hilo? Nimeuliza miaka yote, na Baba hayupo tena wa kunijibu.

Tuliporudi kwenye treni hapakuwa na mfuko wa turubai katikati ya magoti yake, lakini harufu ilikuwa bado ipo mikononi. Maiko alijifanya amelala. Baba aligeukia dirisha mpaka milima ikaanza kuwa ya buluu.

"Ulifikiri kweli ningeweza?" aliniuliza.

Nilitaka kusema hapana. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia nilipomwonyesha namba nne. Kisha akapapasa ndani ya mkoba, akatoa ile darubini ya uzi ambayo ilipaswa kurudishwa ghalani, akanipa. Akaniambia nitazame nje na kumweleza.

Nikaiweka jichoni. Bonde lote likaja karibu. Nilimweleza maji yaliyobaki kwenye mabwawa, nyangenyange waliotua migongoni mwa ng'ombe, moshi wa watu wanaochoma mabua, dungu tupu lililoegemea upande. Kwenye tuta la shamba alisimama mtu, ameweka mkono juu ya macho akitazama treni inavyopita, na uzi ulikatiza katikati ya kifua chake, mwembamba, dhahiri, bila kumfunika.

"Na watu?" Baba akauliza. "Kuna watu?"

"Hakuna," nikamwambia, nikaishusha darubini ili uzi umwachie yule mtu.